Upande Wetu wa Handaki

Siku hizi Kariakoo kila ukikata kona unakuta wamezungushia mabati, na nyuma ya mabati kuna shimo. Nyumba za zamani, zile za vyumba sita na korido katikati, zinavunjwa moja baada ya nyingine, ghorofa zinapanda. Wiki iliyopita nilipita Narung'ombe kufuata vitambaa vya pazia, nikakuta wanachimba msingi mahali palipokuwa na nyumba kama ile yetu. Walikuwa wameshafika chini kabisa, pale mchanga wa Dar unapokwisha na kuanza ule udongo mweusi wenye maji. Harufu yake ikanikuta katikati ya njia, nikasimama. Kijana wa mkokoteni akanipigia kelele, "Dada, sogea bana, utagongwa!" Nikasogea, nikaegemea mabati, nikalia. Watu wa Kariakoo hawamshangai mtu anayelia barabarani, wanadhani ameibiwa tu.

Ile ndiyo harufu ya baba yangu. Na juzi tumemsomea mama yangu arobaini, kwa hiyo sasa hakuna mtu mwingine duniani anayeijua.

Baba alikuwa mchimba makaro. Waliokulia mjini, wa umri wangu, wanakumbuka: karo la nyumba likititia au likikataa kabisa, aliitwa mtu mwenye sululu, beleshi na ndoo ya kamba, akachimba jingine uwani, kwenda chini mpaka kichwa chake hakionekani tena. Shuleni walinitania kwamba baba yangu mchimba vyoo. Mimi nilijibu kwamba baba yangu ni fundi, tena nilijibu kwa ngumi. Akirudi jioni alioga kwa sabuni ya kipande, akajisugua hata ngozi ikang'aa, lakini ile harufu ya udongo wa chini haikutoka. Nikadhani baba wote ndivyo wanavyonukia. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, ndiko baba alikonunua sululu zake, na binti yao Bhavna nilikuwa nikicheza naye rede. Baba yake Bhavna alinukia ubani na iliki. Nilimwonea huruma sana Bhavna.

Tulipanga chumba kimoja kwa Bi Tatu, mama wa Kizaramo mwenye mwili na sauti, ambaye aliwatawala wapangaji wake kuanzia zamu ya kufagia korido hadi nani aanike nguo upande gani wa uwa. Mama yangu alikuwa na meza ya nguo za watoto za mitumba pale Mchikichini. Nilikuwa mtoto pekee. Nilikuwa darasa la tatu, mdomo mrefu, na sauti nzito kuliko mwili wangu, kiasi kwamba watu wakipiga simu walinichanganya na mama.

Sasa lile neno. Baba akichimba karo, akifika kwenye maji, alipiga ukelele kutoka huko chini: "Nimetoboaa!" Nyumba nzima ilicheka. Na vijana wa mtaani nao walikuwa na kutoboa kwao: mtu akipata fremu ya duka Msimbazi, katoboa, akipata viza ya Maskati, katoboa. Kwa hiyo kwangu lilikuwa neno la furaha tupu. Sikujua kama wakubwa wanalitumia na kwingine.

Siku moja alikuja msimamizi wa mkandarasi fulani kutafuta watu waliozoea kufanya kazi chini ya ardhi. Alikaa barazani kwetu akaeleza, mimi nikiwa nimekaa miguuni pa baba. Huko nyanda za juu, mbali, kuna mgodi wa makaa ya mawe. Siyo mgodi wa kuingia chini, ni shimo la wazi, kubwa hata ukisimama ukingoni malori ya chini unayaona madogo madogo. Lakini shimo lenyewe limezungukwa na milima, na malori yanatumia siku nzima kuizunguka. Wanataka reli ifike mgodini, na reli haiwezi kupanda mlima ule. Kwa hiyo watautoboa, treni ipite ndani.

"Utautoboa mlima?" nikamuuliza baba mgeni alipoondoka.

"Siyo mimi peke yangu. Njoo nikuonyeshe."

Nje ya duka la kina Bhavna kulikuwa na lundo la mchanga wa kujengea. Baba akanikalisha upande mmoja, yeye akazunguka upande wa pili, mtu mzima na kanzu yake ya Ijumaa, akapiga magoti. Akaniambia nichimbe polepole, nisiwe na pupa, nipigepige mchanga wa juu ushikane. Tukachimba kwa viganja. Wapita njia wakawa wanatuzunguka. Mkono wangu ukaingia mpaka kwenye kiwiko, kisha mpaka kwenye bega, shavu langu likalala kwenye mchanga, na huko ndani gizani vidole vyangu vikagusa vidole vyake. Akavikamata.

"Tumetoboa!" akasema.

"Tumetoboaa!" nikapiga kelele hata mama akatoka koridoni.

Kisha akanieleza, bado kanishika huko ndani ya mchanga. "Ndivyo tutakavyofanya. Wengine wanachimba upande huu, wengine upande wa kule. Wakikutana katikati kazi imekwisha. Siku nikitoboa, ndiyo siku ninayorudi nyumbani."

Mimi nilimwelewa hivi: baba anakwenda kuchimba upande wa kule, na upande huu ni wetu. Naye akitoboa atatokea kwetu. Sikumwuliza mtu, kwa sababu sikuona cha kuuliza. Alikuwa amenionyesha kwa mikono yake mwenyewe.

Alipoondoka nyumba ikawa pana. Kila Jumapili baada ya alasiri alipanda kilima kutafuta mtandao, akapiga kwenye kiswaswadu cha mama, na mama akakiweka katikati yetu kitandani ili sote tusikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba Rehema mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Yupo hapa, anakusikia."

"Najua ananisikia. Nakuuliza wewe."

Alituambia kwamba kuna baridi ya kuumiza meno. Alituambia kwamba wanachimba na mtu anaitwa Fundi Seba, mwenyeji wa huko huko, mcheshi, ambaye anamfundisha kula viazi asubuhi. Alituambia kwamba mlima unatoa maji kwenye kuta kama bomba bovu la Bi Tatu. Mama alitumia siku tatu pale Mchikichini akifumua mabelo ya wenzake kumtafutia sweta zito, akapata la kijani lenye picha ya mnyama mwenye pembe za matawi, tukalituma kwa basi. Jumapili iliyofuata baba alicheka mpaka akakohoa. Kule handakini walikuwa wameshampa jina la Swala.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonichoma, nalo alilisema karibu kila alipopiga. "Sisi tumekaza," alimwambia mama, "ila upande wa kule wanatuchelewesha. Sijui wamelala." Mama alimpa pole. Mimi nilitazama chini. Upande wa kule, kwa mtu aliyeko huko, ni sisi. Nilikwenda uwani nikatazama kuanzia kwenye bomba mpaka kwenye kamba za nguo, na kweli hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anachimba.

Jumatano moja nilirudi shule mchana. Mama alikuwa Mchikichini. Simu alikuwa ameiacha chumbani kwenye chaji, maana umeme ulikatika tangu jana yake ukarudi asubuhi anatoka. Ikaita. Nikaipokea.

"Shem?" Sauti ya mwanamume, mbali, inakatika katika.

Nilifundishwa kwamba mkubwa akiita, mtoto wa kike anaitika abee, haijalishi kaita jina gani. "Abee," nikasema.

"Shem, ni mimi Seba. Shem, unanisikia?"

"Abee."

Upepo ukapiga. Maneno yakaja vipande vipande. Nimeyarudia maneno yale maisha yangu yote, na bado sina hakika ya yaliyopotea katikati. Alisema jana. Alisema jiwe. Kisha mtandao ukatulia kidogo, nikamsikia vizuri kabisa: "Wanasema hatoboi, shem. Jamaa hatoboi. Njooni. Njooni upesi." Simu ikakatika.

Nilibaki nimesimama na simu sikioni. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilifurahi. Walikuwa wamefika kwenye jiwe, jiwe limewashinda, baba hatoboi, na sasa wanatuita sisi wa upande huu tuchimbe kwenda kuwapokea. Njooni, alisema. Njooni upesi.

Na hapo nikafanya jambo ambalo halikutokana na ujinga wa kitoto. Lilitokana na roho yangu. Nikawaza kwamba nikimwambia mama habari ya njooni, ataita watu wazima, ataita baba mdogo kutoka Buguruni na sululu yake, na mimi nitaambiwa nikae pembeni. Nilitaka viwe vidole vyangu tena. Kwa hiyo mama aliporudi, akiwa amekaa uwani na ungo anachagua mchele, nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba Fundi Seba kapiga, kasema baba bado hajatoboa.

Mama hakuinua uso. "Atatoboa tu," akasema. "Ana haraka gani." Akaendelea kuchagua mchele.

Nilikuwa nimeshaanza kuchimba. Nilichukua kijiko kikubwa cha pilau na kipande cha nondo, nikachagua pembe ya uwa iliyokuwa nyuma ya pipa la maji, pale mtu hapiti. Jumatano nilifika kwenye kiwiko. Alhamisi nikatoroka shule, nikafika kwenye magoti. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, nikayafunga kwa tambara. Nilipigapiga udongo wa juu ushikane, nisiwe na pupa. Kila baada ya muda nililala kifudifudi nikaweka sikio chini nimsikilize. Nilisikia kitu kinagonga. Sasa najua ilikuwa mikokoteni ya barabarani.

Bi Tatu alinikuta Ijumaa wakati wanaume wamekwenda msikitini. Akapiga mayowe. "We mtoto we! Umeingiwa na nini? Uwa wangu huu unaufanya shamba la mihogo?" Akaniita kila jina alilolijua. Mama, ambaye siku hiyo hakwenda Mchikichini wala hakusema kwa nini, alitoka chumbani akasimama akalitazama shimo. Mama yangu alikuwa mtu wa kunichapa kwa kumwaga kikombe cha maji. Nilijikunja nikingoja.

"Mwache, Bi Tatu," akasema. "Mwache achimbe."

Akarudi ndani. Bi Tatu alishangaa hata akanyamaza, na kumnyamazisha Bi Tatu halikuwa jambo dogo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani ya shimo, limenifika kiunoni, nimeshakutana na ule udongo mweusi wenye maji, unanukia baba. Nilikuwa nimekaribia. Nikamwona baba mdogo anaingia kupitia korido, kofia yake ipo mkononi. Nikampigia kelele, "Baba mdogo, shikamoo! Njoo usaidie!" Hakuitikia marahaba. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa mama, akakaa chini kwenye sakafu, mtu mzima, akaanza kulia kabla hajasema neno.

Jiwe lilimwangukia baba Jumanne ndani ya handaki. Walimfikisha hospitali. Alikaa pale Jumatano na Alhamisi. Alifariki Ijumaa alfajiri, na siku hiyo hiyo baada ya sala wakamzika huko huko, kwa sababu maiti haikai na hakuna ndugu aliyekuwa amefika. Namba ya baba mdogo waliikuta kwenye daftari lake baada ya kufa. Kutoka Dar mpaka kule ni siku moja kwa basi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Nilitolewa shimoni na Bi Tatu. Alinibeba, na matope yangu yote, kifuani mwake. Na kwa vile hakuna msiba usio na maneno, jioni ile ile nyumba nzima ilikuwa inajua: mtoto ameonyeshwa. Siku tatu mtoto anachimba kaburi uwani, hali hanywi, hakuna aliyemwambia kitu, na baba yake huko yuko kitandani. Bi Tatu aliwaonyesha wageni shimo. Wanawake walinishika kichwa wakasoma dua. Jirani mmoja aliyekuwa na mume Maskati alinivutia pembeni akaniuliza kama nimeoteshwa chochote kuhusu huyo mume. Nikamwambia atarudi. Ningefanyaje? Mume hakurudi, lakini mwanamke yule aliniletea kashata kwa mwaka mzima.

Siku ya tatu ya matanga akaja Fundi Seba. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mfupi, mweusi wa vumbi, na begi la baba mabegani. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi tuko kwenye mikeka koridoni na mama yuko katikati yetu, ameshavalishwa nguo nyeupe za eda. Seba alisimama nje ya mlango, akamsalimia mama kupitia kwa wanawake, akampa pole. Kisha akauliza, taratibu, wala hakuwa na ubaya.

"Shem, mbona hukuja?"

Wanawake wakamgeukia mama.

"Nilikupigia Jumatano. Nilipanda mpaka kileleni. Nikakwambia mje. Ukaniitikia abee, shem, mara mbili. Nikashuka nikamwambia mzee, nimeongea naye, wanakuja. Akafurahi. Kila basi likipita pale barabarani ananiuliza, ndilo hilo? Alhamisi yote, ndilo hilo?"

Nikamtazama mama. Nilikuwa sijaelewa neno lenyewe bado, lakini nilielewa kwamba njooni ilikuwa ya kwenda kwake, siyo ya kuchimba, na kwamba niliificha. Nikangoja mama ageuke aseme, Rehema ndiye aliyepokea. Alijua. Mimi mwenyewe nilimwambia Seba kapiga.

"Mimi sikupigiwa simu na mtu," mama akasema.

"Shem..."

"Nimesema sikupigiwa."

Baba mdogo akanyanyuka kule nje. Maneno yakawa makali. Huyu anamsingizia mjane, mbele ya matanga, eda haijapoa. Hakuwapa watu habari wakati mtu yu hai, sasa anatafuta wa kumtupia lawama. Nani anamjua huyu, hata kabila lake nani analijua. Seba alijaribu kuwaonyesha simu yake, ikawa imezima. Akaliweka begi chini, akaondoka. Sahani yake ya pilau ilikuwa imeshapakuliwa, haikuguswa. Kwetu sisi mtu kuondoka msibani bila kula ni kwamba mmemfukuza, na kweli tulimfukuza. Mimi nilikaa kimya kwenye mkeka, mtoto aliyeonyeshwa, watu wananipapasa kichwa.

Baada ya eda tulihamia Buguruni, chumba kidogo karibu na baba mdogo. Nilidhani mama alisahau. Nilijiambia kwamba alikuwa na mchele mkononi, hakunisikiliza vizuri, likampita. Kwa hiyo siri ilikuwa yangu peke yangu, na niliilea. Nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Nilifua, nilipika, nilimsugua mama miguu akirudi Mchikichini. Watu walimpongeza kwa binti. Kila aliponisifu nilitaka kufa.

Neno lenyewe nililielewa nikiwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, na wanawake wawili mbele yangu wanamzungumzia mgonjwa wa jirani. "Yule hatoboi," mmoja akasema. "Hatoboi hata Ijumaa." Wakasukuma ndoo zao mbele. Mimi sikusukuma yangu. Niliketi juu yake, ndoo tupu, watu wakanipita wote. Hatoboi. Siyo mlima. Seba alikuwa anamwambia mke wa rafiki yake kwamba mumewe anakufa, na aliyemwitikia abee ni mimi.

Sikumtafuta Seba. Nilikua, nikapata simu yangu, nikapata kazi, ningeweza kuuliza. Sikuuliza. Nayaandika haya ili anayesoma asinionee huruma kwa haraka. Kuhusu yale ya utotoni naweza kujitetea. Haya ya ukubwani sina utetezi.

Mama aliugua figo, taratibu, na mwisho akawa wa kitandani. Nilimchukua kwangu. Asubuhi moja, nimemaliza kumwosha na kumpaka mafuta, amekaa ameegemea mto anakunywa uji kwa kijiko ninachomshikia, nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema. Nikaweka bakuli chini.

"Mama. Ile simu ya Seba niliipokea mimi."

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. "Siku ile ya Jumatano. Alisema njooni. Sikukwambia, nilikuficha."

"Hilo la njooni silijui," akasema. "Lakini hatoboi uliniambia."

"Nilikwambia bado hajatoboa."

"Ulisema hatoboi, Rehema. Ulisimama pale mlangoni, mkono mmoja umeuficha nyuma, ukasema, Fundi Seba kapiga, kasema baba hatoboi. Kama alivyolisema yeye. Mtoto hana neno lile, hilo neno la mtu mzima, nikajua umelibeba kama ulivyopewa."

"Ukasema atatoboa tu."

"Nikasema atatoboa tu. Nikajiambia ni handaki, kwani si kila siku wanasema habari za handaki? Nikaendelea kuchagua mchele. Nikaumaliza nikaurudia tena. Nilimpigia yule Seba usiku, haipatikani. Alhamisi nikafungasha nguo kwenye mfuko. Nikafungua. Nilijiambia nikipanda lile basi, basi ni kweli. Nisipopanda, ni handaki." Alipumzika. Alikuwa anachoka upesi siku zile. "Ningeondoka Alhamisi alfajiri ningemkuta. Jioni ningekuwa naye. Anauliza mabasi."

Nilimwuliza kile nilichotaka kumwuliza tangu nikiwa mtoto. "Sasa kwa nini ulimkana Seba mbele ya watu?"

"Ningesemaje? Korido imejaa. Na wewe umekaa pale mkekani umenikazia macho. Siku zote za matanga kila nikigeuka, unanitazama. Tumehamia Buguruni, unanitazama. Unanisugua miguu, unanitazama. Nikasema, huyu anakumbuka alichoniambia. Huyu siku moja ataniuliza, mama, nilikwambia baba hatoboi, mbona hukwenda?"

"Mimi nilikuwa nakutazama kwa sababu nilikuogopa," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe."

"Miaka yote hii, mama?"

"Mpaka leo asubuhi," akasema, akafumbua kinywa nimpe uji.